Zabibu za Andes na Vilima vya Kasulu: Soma Hapa Kabla Hujanunua Mche



Msimu huu kuna swali nimeulizwa mara nyingi kuliko hata bei ya mbolea: "Bwana shamba, huku kwetu kuna mwinuko kama kule Ajentina. Kwa nini tusilime zabibu za mvinyo?" Najua limetoka wapi. Kuna video zinazunguka kwenye simu: mashamba ya zabibu chini ya milima ya Andes, mistari imenyooka kama rula, theluji inaonekana kwa mbali, halafu msimulizi anasema siri ya mvinyo wao ni mwinuko. Ukitoka hapo ukaangalia vilima vya Heru Juu au vya Mabamba asubuhi, baridi na ukungu, unasema mbona sisi wenyewe hao hapo.

Kikundi kimoja cha vijana 12 hapa Kasulu kimefika mbali zaidi ya kuuliza. Wameandika andiko la kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri wapande ekari 3 za zabibu, na wameniomba nilipitie kabla halijapelekwa. Andiko limepangwa vizuri. Kwa ruhusa yao najibu hapa hadharani, maana najua kuna wengine wana wazo hilohilo na wanakaribia kuuza ng'ombe wa mzee.

Jibu langu kwa ufupi: mwinuko tunao, lakini mvua yetu ni nyingi mno kwa zabibu, na mnunuzi wa tani nyingi hatuna. Sasa twende taratibu ili uone kwa nini nasema hivyo, na kitu gani unaweza kufanya badala ya kukata tamaa.

Andes wana nini hasa?

Mkoa wa Mendoza, magharibi mwa Ajentina, ndio unaotoa sehemu kubwa ya mvinyo wa nchi hiyo. Mashamba mengi yako kati ya mita 600 na 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mendoza wenyewe uko mita 750 hivi, yaani karibu sawa na maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma mjini. Kasulu na Kibondo tuko juu zaidi, maana sehemu kubwa ya nyanda zetu iko kati ya mita 1,200 na 1,700. Kama zabibu ingekuwa suala la mita tu, sisi tungekuwa tunawauzia wao.

Ila kuna wanaolima juu kweli kweli. Kaskazini mwa Ajentina, mkoa wa Salta, mji wa Cafayate uko karibu mita 1,700. Mkoa huohuo una shamba linaitwa Altura Máxima, mali ya kampuni ya Colomé, ambalo liko mita 3,111. Tarija nchini Bolivia wanalima zabibu kwenye mita 1,600 hadi zaidi ya 2,000. Huko mwinuko una kazi tatu. Kwanza, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6, kwa hiyo mchana jua linapika sukari kwenye tunda, na usiku baridi inalinda uchachu usipotee. Pili, jua la juu ni kali, na ganda la zabibu linakuwa nene zaidi ili kujikinga. Ganda hilo ndilo lenye rangi na ladha ya mvinyo mwekundu. Tatu, upepo mkavu wa mlimani unakausha majani, na ugonjwa wa ukungu unapungua.

Shika neno hilo: mkavu. Mendoza hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Ni karibu jangwa. Milima ya Andes huzuia mawingu ya bahari ya Pasifiki, na mashamba yako upande wa pili, kwenye kivuli cha mvua. Maji yao yanatoka kwenye theluji inayoyeyuka mlimani, yanashuka kwa mito, yanagawanywa kwa mifereji. Mifereji hiyo ilianzishwa na wenyeji wa pale, Wahuarpe, kabla Wahispania hawajafika, na mpaka leo inapita hata kando ya barabara za mjini chini ya miti. Kuna mtu kazi yake ni kufungua na kufunga maji kwa zamu. Wanamwita *tomero*. Zamu yako ikifika anafungua, ikiisha anafunga.

Kwa hiyo mkulima wa Mendoza ndiye anayeamua mzabibu unywe lini. Anautaka uote, anamwaga maji. Anautaka uivishe na kukaza sukari, anapunguza. Hapo ndipo utajiri wa mvinyo wao ulipo. Sisi Kasulu anayefungua na kufunga maji ni Mungu, na hafuati ratiba ya zabibu.

Mwinuko ulikuja mwisho, sio mwanzo

Hili ndilo naomba kikundi kilisome mara mbili.

Mwaka 1853 mkoa wa Mendoza ulimleta mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, kwa msukumo wa Domingo Faustino Sarmiento ambaye baadaye alikuwa rais wa Ajentina. Kwa lugha yetu, Pouget alikuwa bwana shamba. Alikuja na vipando vya aina mbalimbali kutoka Ufaransa, Malbec ikiwemo, akaanzisha shamba la majaribio na mafunzo. Huko Ufaransa Malbec ilikuwa ya kawaida tu, mara nyingi inachanganywa na zabibu nyingine. Kwenye ukavu na jua la Mendoza ikatulia, ikatoa mvinyo ambao kwao hawakuwahi kuupata. Leo duniani ukitaja Malbec watu wanafikiria Ajentina kwanza.

Lakini mvinyo hauna maana kama haufiki kwa mnywaji. Wanywaji walikuwa Buenos Aires, kama kilomita 1,000 mashariki. Reli ilipofika Mendoza mwaka 1885 ndipo biashara ilipofunguka, na wahamiaji wa Kiitalia na Kihispania wakaja na ujuzi, viwanda vikajengwa.

Na mwinuko je? Mwaka 1992 Nicolás Catena, mwenye kampuni ya mvinyo ya familia, alipanda shamba eneo la Gualtallary karibu na mita 1,450. Watu walimwona kama anacheza, kwamba huko juu baridi ni kali na zabibu hazitaiva. Ziliiva, na wengine wakamfuata. Alipanda juu kwa sababu mashamba ya chini yalikuwa na joto sana kwa mvinyo aliotaka kutengeneza. Mwinuko ulikuwa dawa ya joto.

Angalia mpangilio: majaribio 1853, njia ya soko 1885, mwinuko 1992. Karibu miaka 140. Maji yenyewe yalikuwa yamedhibitiwa hata kabla ya hapo. Andiko la vijana wetu limeanza na mwinuko, halafu kwenye kipengele cha soko limeandika "soko lipo". Vijana, hapo tumeanza na paa kabla ya msingi.

Karibu nyumbani: Dodoma na Naivasha

Usiende mbali mpaka Andes kama unataka kujifunza zabibu. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na kidogo, chini yetu, na ndiko zabibu za Tanzania ziliko. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzilima, halafu zikasambaa Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Mvumi na kwingineko. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ndicho kinachosimamia utafiti wa zao hili kitaifa. Aina zinazojulikana sana ni Makutupora Red, Chenin Blanc na Syrah.

Dodoma wanapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni ukame mtupu. Na kwa sababu nchi yetu iko karibu na ikweta, mzabibu haupati msimu wa baridi wa kulala kama wa Mendoza, ambako majani huanguka na mti unapumzika wenyewe. Huku mkulima anaulaza na kuuamsha kwa mkasi: anakata matawi, mti unachipua, unatoa vishada. Ndiyo maana Dodoma wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno mazuri kwa mvinyo ni yale ya kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, kwa sababu hakuna mvua ya kuharibu.

Kenya nako, karibu na ziwa Naivasha, kuna mashamba ya zabibu yanayotoa mvinyo wa Leleshwa, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000. Huko ni juu kutuzidi, lakini ni ndani ya Bonde la Ufa, kwenye kivuli cha mvua. Tabia ni ileile: juu, halafu pakavu.

Dodoma inatufundisha na la soko. Hao wenye zao, wenye kituo cha utafiti, wenye viwanda jirani, wamewahi kukaa na zabibu zimeiva na mnunuzi hayupo. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Ukishaikata, ndani ya siku mbili tatu inaanza kuharibika. Ndiyo maana kilio chao cha miaka mingi kimekuwa viwanda na matangi ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu, ili mkulima akamue, ahifadhi, auze kwa bei ya maana. Sasa jiulize: kama wa Dodoma analia akiwa kilomita chache kutoka kiwandani, wewe wa Kitanga au Kifura, kilomita mamia kutoka huko, utalia vipi?

Kasulu na Kibondo kwenye mizani

Tupime kwa maji, maana maji hayadanganyi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mendoza, kwa milimita 200, ekari inapokea lita laki 8 kwa mwaka. Sisi huku nyanda za juu tunapata milimita 1,000 na kuendelea. Hiyo ni zaidi ya lita milioni 4 kwa ekari, zinashuka kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Mei, utake usitake.

Mvua hiyo inafanya nini kwenye mzabibu?

Ya kwanza ni ukungu. Ubwiri vinyoya unapenda jani lililolowa, na huku jani linalowa miezi 6 hadi 7. Utapiga dawa za shaba na mankozebu mpaka uchoke. Ubwiri unga wenyewe hauhitaji hata jani kulowa, unatosheka na unyevu wa hewa na kivuli. Vishada navyo vinaoza vikiwa bado mtini.

Ya pili ni sukari. Tunda likiwa linaiva halafu mvua ikanyesha, linavuta maji, linavimba, mengine yanapasuka. Zabibu ya mvinyo huuzwa kwa kipimo cha sukari kinachoitwa Briksi. Ikifika 22 hivi, inatoa mvinyo wenye kilevi cha karibu asilimia 12. Zabibu iliyojaa maji ya mvua haifiki hapo, na mnunuzi ana kifaa cha mkononi cha kupimia, hutamdanganya.

Ya tatu ni udongo. Mashamba ya Mendoza ni mchanga na kokoto, maji yanapita. Dodoma maeneo mengi ni kichanga. Sisi sehemu nyingi tuna udongo mwekundu mzito, na mvua ya miaka mingi imeosha virutubisho na kuuacha na tindikali. Mzabibu hautaki mizizi ikae kwenye maji. Unaweza kurekebisha kwa chokaa, matuta na samadi, ila kila kimoja kina gharama yake.

Ya nne ni mvua ya mawe. Hata wao Mendoza ni adui yao mkubwa, wengi wanafunika mashamba kwa nyavu. Nani hapa hajawahi kuona migomba imechanwachanwa na mvua ya mawe?

Tunacho kitu kimoja kizuri ambacho sitaki mkidharau: kiangazi chetu. Juni mpaka Septemba huku ni pakavu kweli, mchana jua, usiku baridi. Miezi hiyo minne inafanana na wanachokitafuta wale wa Andes. Nitarudi hapo.

Hesabu za ekari 3

Andiko linasema ekari 3. Nimeweka karatasi mezani, tukapiga hesabu pamoja na katibu wa kikundi.

Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kati ya mistari na mita 2 kati ya miche, ekari moja inabeba miche 670 hivi. Ekari 3 ni miche 2,000 na kidogo.

Mzabibu lazima upande kwenye waya. Ekari moja ina mistari yenye jumla ya mita 1,350 hivi. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 6, ni nguzo 225. Ekari 3 ni nguzo 675, na lazima ziwe zimetibiwa dawa, maana mchwa wa huku mnamjua. Waya ukipita mara mbili kila mstari, ekari 3 zinakula zaidi ya kilomita 8 za waya. Katibu alipoiona namba hiyo alinyamaza kidogo.

Kiangazi unahitaji kumwagilia. Tuseme kila mche upate lita 40 kwa wiki kwa matone. Ekari 3 ni lita 80,000 kwa wiki. Je, chanzo kipo? Kibali cha maji kipo? Pampu je?

Halafu muda. Vishada vya kwanza utaviona mwaka wa pili, na mavuno ya kueleweka ni kuanzia mwaka wa tatu. Mkopo wa halmashauri hauna riba, na hilo ni jambo jema sana, lakini marejesho yapo na hayasubiri mwaka wa tatu. Watu 12 wamesaini. Ukishindwa kurejesha, vijana wengine wa kata yako wanakosa fedha za kuzungushiwa, na kikundi chenu hakikopesheki tena. Hapa sio suala la zabibu tu, ni majina yenu.

Mwisho, nani ananunua? Tuchukulie kwa bahati umepata tani 3 kwa ekari. Tani 9 za zabibu mwezi wa tisa, Kasulu. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu ni msaada mkubwa, lakini haifanyi zabibu iishi siku kumi ndani ya kreti. Mendoza walipopata reli hawakusafirisha zabibu, walisafirisha mvinyo. Sisi reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo somo ni lilelile: ukiwa mbali na soko, kinachosafiri vizuri ni kilichosindikwa.

Na kusindika mvinyo sio kukoroga kwenye ndoo na kubandika lebo. Kuna TBS, kuna leseni ya vileo, kuna stempu za TRA. Kama unachokitaka hasa ni biashara ya chupa, wapo Watanzania wanaotengeneza mvinyo wa rosela na wa ndizi, na ndizi huku hatuombi mtu. Arusha kuna kiwanda, Banana Investments, kilichojenga biashara yake juu ya ndizi. Nendeni SIDO mkaulize mafunzo kabla ya kuuliza mche wa zabibu.

Kama bado unataka kujaribu, jaribu hivi

Mimi sio mtu wa kuzima ndoto. Pouget alianza na shamba la majaribio, na sisi tuanze hapo.

1. Panda mizabibu 30, sio 2,000. Kwa nafasi ile ya mita 3 kwa 2, hiyo ni mita za mraba 180, pungufu ya robo ya robo ekari. Nguzo kama 15 hadi 18 zinatosha. Gharama hii kikundi kinaweza kuchanga mfukoni bila mkopo.

2. Chagua mteremko unaopata jua la asubuhi na upepo, maji yasituame. Usipande bondeni kwa sababu tu kuna maji karibu. Pima udongo kwanza, ulizia ofisi ya kilimo ya halmashauri.

3. Chukua vipando Makutupora, aina mbili au tatu, ili ulinganishe. Usikubali mtu akuletee vipando kwenye begi kutoka nje ya nchi. Mimea inaingia kwa kibali cha TPHPA. Ulaya karne ya 19 mashamba ya zabibu yaliangamizwa na mdudu mdogo wa mizizi, filoksera, aliyeingia na miche kutoka Marekani. Begi moja linatosha.

4. Fuata kiangazi chetu. Kata matawi mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mvua zikiwa zinaisha. Kutoka kukata mpaka kuvuna ni kama miezi minne, kwa hiyo utavuna mwishoni mwa Agosti au Septemba, kabla mvua hazijarudi. Mei chipukizi zikiwa changa kinga kwa dawa ya shaba. Punguza majani yanayoziba vishada.

5. Vuna mara moja kwa mwaka. Usiige mavuno mawili ya Dodoma. Wakati wa masika acha mti ujijenge, vishada vikitokea viondoe.

6. Lenga mlaji wa hapa. Zabibu za kula, kwenye vifungashio vya nusu kilo, ziuzwe Kasulu mjini, Kibondo na Kigoma. Zabibu nyingi mnazoziona madukani zimetoka mbali. Hilo ni soko dogo, lakini unaweza kulifikia kwa bodaboda.

7. Andika kila kitu: tarehe ya kukata, siku za dawa, kilo, bei. Baada ya misimu miwili ya matunda njooni na daftari. Namba zikisema ndiyo, mimi mwenyewe nitawasaidia kuandika andiko la ekari.

Mwinuko wetu tayari una zao lake

Vijana, kinachonisikitisha kidogo kwenye swali hili ni kwamba mnautafutia mwinuko kazi, wakati kazi anayo.

Kahawa ya arabika inataka hiki tulichonacho: mita 1,200 kwenda juu, mvua ya kutosha, usiku wa baridi, na kiangazi kifupi kinachouandaa mti ili mvua za kwanza ziufumue maua. Ubaridi unachelewesha tunda kuiva, punje inakuwa ngumu na nzito, ladha inakaza. Ni kanuni ileile ya zabibu za Andes, ila kwenye zao ambalo halichukii mvua. Na kahawa iliyokaushwa vizuri inakaa miezi kwenye gunia. Umbali wetu hauiui.

Majirani zetu wa Kalinzi, Matyazo na Manyovu wameshaonyesha njia. Kupitia ushirika wa Kanyovu wamepeleka kahawa yao ikiitwa kahawa ya Kigoma, na kampuni ya Green Mountain ya Marekani iliwahi kuiuza kwa jina la Gombe. Fikiria: jina la kwetu, kwenye kikombe cha Mmarekani. Hicho ndicho Mendoza walichofanya na Malbec, zao liliitwa la kawaida kwingine, wao wakalipa jina la nyumbani.

TaCRI wana kituo kidogo Mwayaya, hapohapo Buhigwe. Ulizeni miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa nafasi ya kawaida ya mita 2.7 kwa 2.7 ekari inachukua miche 540 hadi 555. Haihitaji nguzo hata moja wala waya. Miaka miwili ya mwanzo unapanda maharage katikati ya mistari, unavuna ndani ya miezi mitatu, marejesho ya mkopo yanapata pa kutokea. Migomba inatoa kivuli na mkungu. Kwa andiko la ekari 3, hapo naweza kuweka sahihi yangu nikalala usingizi.

Kahawa nayo ina shida zake: bei hupanda na kushuka, na kuchuma tunda bivu tu kunahitaji uvumilivu ambao wengi hawana. Ukichanganya mbichi na mbivu, umeharibu kazi ya mwinuko wote. Lakini shida hizo zina majibu hapa mkoani: kuna mtaalamu, kuna mche, kuna ushirika. Shida za zabibu utazibeba peke yako kwa miaka kadhaa.

Kwa kikundi changu cha watu 12: rudisheni andiko mezani. Ekari 3 ziwe za kahawa na maharage, na pembeni, kwa michango yenu, mizabibu 30 kwenye mteremko. Kipengele cha soko msiandike "soko lipo". Andikeni jina la mnunuzi, kiasi anachotaka na mwezi anaotaka. Mkikwama, ofisi yangu mnaijua ilipo, na Jumatatu na Alhamisi nipo kabla ya kwenda vijijini.

Ninyi wengine, nani tayari ana mzabibu hata mmoja nyumbani, Kibondo au Kasulu? Niambie uliukata lini na ulivuna mwezi gani. Hizo taarifa za miti miwili mitatu ya uani zitatusaidia wote.

Kazi njema shambani.